Kidole cha Mama Mkwe

Mashine ilikikataa kidole cha Bi Melchora mara ya kwanza, ikakikataa mara ya pili, na ilipofika mara ya tano foleni nzima ilikuwa imeshakizoea. Binti wa kaunta ya duka la simu, ambaye beji yake ilisema Sheyla, alimpa kitambaa kibichi akifute. Akakifuta. Akampa mafuta ya mkono kidogo. Akapaka. Akaambiwa abonyeze kwa nguvu, kisha abonyeze taratibu, kisha ajaribu cha mkono wa kushoto. Taa ilibaki nyekundu.

"Mama, unafanya kazi gani?" Sheyla akauliza.

"Namenya mote."

Pale Huancayo, mji wa milimani, jibu hilo lilitosha. Kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili Bi Melchora alikuwa akitia mahindi kwenye maji moto ya chokaa na kuyasugua kwa viganja mpaka yatoke maganda, yakawa mote, ndipo ayapeleke sokoni kuuza. Chokaa haijui kutenganisha ganda la mahindi na ngozi ya mtu. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kufikiri kwamba hiyo ni kasoro.

Shida yenyewe, ukiitaja, ilikuwa ndogo. Binti yake Nilda, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kusomea uhasibu bure katika chuo kimoja cha Lima, mji mkuu. Usaili ulikuwa Alhamisi saa tisa alasiri, na leo ilikuwa Jumanne. Barua ilitaka atumie kompyuta yenye kamera, akiwa peke yake chumbani, na ikasema simu haikubaliki. Atakayechelewa dakika kumi nafasi yake inapewa mwingine. Laptopu waliazimwa na shule. Intaneti ndiyo hawakuwa nayo. Bando la simu ya Nilda lilifaa kuchati tu. Ukijaribu kulirushia laptopu, kampuni inalibana mpaka picha inaganda mtu kaachama mdomo. Waya wa intaneti haukupanda mlimani kwao, na vibanda vya mjini vilijaa watoto wanaopigana vita vya kwenye skrini huku wakitukanana. Ilibaki kununua modemu ndogo ya kuchomeka na laini yake ya kulipia kabla, na laini haisajiliwi bila kidole cha mtu mzima.

Kabla hata ya mambo ya kidole, Sheyla alikuwa amejaribu kumuuzia mkataba. Kwa mkataba, alisema, modemu ni bure, na kasi ni ya ajabu. Bi Melchora akauliza ni wa muda gani. Miezi kumi na minane, na alete bili ya umeme yenye jina lake. Mita ya umeme kwao ilihudumia nyumba nne na ilikuwa na jina la marehemu.

"Mwanangu, ndoa ninayo tayari," Bi Melchora akamwambia. "Mimi nataka intaneti ya siku moja."

Sasa kidole kilipogoma kabisa, Sheyla akasema kuna njia nyingine, maswali ya usalama. Akakilaza kitambulisho kifudifudi mezani, akamuuliza jina kamili la mama yake mzazi. Sawa. Wilaya aliyozaliwa. Sawa. Tarehe ya kuzaliwa.

"Januari sita."

Sheyla akatazama skrini, akamtazama yeye. "Una hakika, mama?"

"Nilikuwepo."

"Fikiria vizuri. Inabaki nafasi moja."

"Nifikirie nini? Januari sita, sikukuu ya Wafalme Watatu. Unadhani kwa nini naitwa Melchora, jina la mmoja wa wale mamajusi?"

Mfumo ukafunga. Usingefunguka kwa siku saba, na Sheyla hakuwa na ufunguo, wala meneja wake hakuwa nao. Ufunguo ulikuwa Lima. Alipogeuza kitambulisho ndipo Bi Melchora akasoma kile kilichokuwa kimeandikwa pale maisha yake yote: Mei ishirini na tatu. Baba yake alikuwa malishoni huko juu, akangoja viazi vichimbwe, akashuka kumwandikisha mtoto akiwa tayari anakaa kitako, na karani akaandika tarehe aliyomwona. Kijijini kwao hakuna aliyezaliwa siku iliyoandikwa, na hakuna aliyejali, kwa sababu mtu anakula kuku siku ya mtakatifu aliyepewa jina lake, hali kitambulisho.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akasema, "Bibi, kama huzijui hata siku zako nenda nyumbani, wenzako tuna kazi." Watu wakacheka. Bi Melchora alitoka dukani masikio yakimwaka moto, na hasira yake haikuwa kwa yule mwanamume wala kwa Sheyla. Ilikuwa kwa vidole vyake mwenyewe, vilivyomsomesha Nilda miaka kumi na moja na sasa vimemwaibisha mbele ya watu kwa dakika kumi.

Akiwa njiani alipitia sokoni kwa jirani yake wa meza, Bi Herminia, muuza jibini, akamwomba amsajilie laini kwa jina lake. Bi Herminia akamsikiliza mpaka mwisho kwa huruma nyingi, akamkatia hata kipande cha jibini. Kisha akamkumbusha habari za wale majambazi wanaowapigia wafanyabiashara simu za vitisho, na jinsi polisi wanavyomfuata yule ambaye namba ina jina lake.

"Ningekuazima sufuria, Melchora. Ningekuazima hata mume wangu. Lakini kidole, hapana."

*

Mume alikuwepo, na vidole alikuwa navyo. Zenobio alipiga saksafoni kwenye bendi za sherehe, na mikono yake ilikuwa laini kama ya padri. Ungeuliza kwa nini hakuenda yeye tangu mwanzo, na Bi Melchora aliuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti iliyowafikia majirani. Zenobio alikuwa na mazoezi. Zenobio alikuwa na mafua. Kila ukitajwa ule mji na ile kaunta, Zenobio alikuwa na jambo. Jumatano asubuhi mkewe akamwamuru avae shati safi, wakashuka pamoja.

Taa ikawaka kijani mara moja. Bi Melchora akashusha pumzi, akaanza kufungua kitambaa alichofungia pesa. Sheyla akabonyeza bonyeza, akakunja uso, akawageuzia skrini.

"Baba, una laini kumi kwa jina lako. Sheria inaruhusu kumi tu. Siwezi kukupa nyingine."

"Mimi nina moja," Zenobio akasema, akitazama viatu vyake.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hadithi ikatoka kipande kipande palepale kaunta, na kila kipande kikimchoma Bi Melchora kuliko kilichotangulia. Miaka miwili nyuma, kwenye gulio la Jumapili, binti mmoja mwenye kofia ya njano alikuwa anagawa laini za bure, na kila anayechukua laini anapewa beseni. Zenobio akaweka kidole. Binti akasema hakijasoma, weka tena. Akaweka tena. Hakijasoma, baba, labda jasho, weka tena. Aliweka mara kumi, akaondoka na laini moja na beseni la bluu, na zile tisa zikaenda kusikojulikana. Mwaka uliopita aliitwa polisi kuulizwa kuhusu namba asiyoijua hata mwanzo wake, wakamwachia baada ya masaa mawili, na tangu hapo hakutaka kupita hata kwenye kivuli cha duka la simu. Hakumwambia mkewe.

Kuzifuta laini zile ni siku tano za kazi, Sheyla akasema, na kila moja ina fomu yake. Alisema kwa upole sasa. Hata foleni ilinyamaza, na ukimya wa foleni ulikuwa mbaya zaidi kuliko kicheko cha jana.

Nje, kwenye ukingo wa barabara, Bi Melchora akakaa. Alihesabu: Jumatano saa nne asubuhi, usaili kesho saa tisa.

"Kwa hiyo mimi sina hata kidole kimoja," akasema, "na wewe unavyo kumi."

Zenobio akafikiri. "Beseni lilikuwa zuri," akasema.

Bajaji mbili zikawapigia honi zikidhani wanataka usafiri. Kisha Zenobio akataja jina ambalo mkewe alikuwa analikimbia tangu jana. Akasema pana mtu wao mmoja ambaye hajawahi kumiliki simu, hamenyi mote, na ngozi yake ni ya mtu aliyepumzika miaka ishirini. Akasema, mama.

*

Bibi Eulogia, mama yake Zenobio, alikuwa na miaka themanini na nne, na nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya yao, umbali wa kurusha jiwe. Hakuwa amepanda kwao kwa miaka minne. Siku walipoezeka paa na kufanya sherehe ya nyumba mpya, Bi Melchora alikuwa anapakua supu ya watu sitini huku jasho likimwingia machoni, na bakuli lililomfika mama mkwe lilikuwa na shingo ya kuku, wakati mama wa ubatizo wa Nilda, aliyekaa naye bega kwa bega, alipata paja. Bibi Eulogia aliitazama shingo. Akainywa supu yote, akaiacha shingo katikati ya bakuli ili kila mtu aione, akavaa kofia yake na kuondoka.

Mkono mtupu haulambwi. Jioni ya Jumatano Bi Melchora alishuka na mkate wa tanuri, majani ya koka kwenye kitambaa safi, na simbilisi mnono aliyekuwa akimlisha kwa ajili ya sikukuu. Alisimama mlangoni kama watu wanavyosimama wanapokuja kuposa, maana katika bonde lile ombi kubwa lina njia moja tu, liwe la mchumba, la shamba au la kidole. Moyoni alikuwa anachemka. Alijiona mpumbavu, mwanamke mzima amebeba simbilisi kwa ajili ya intaneti.

Bibi Eulogia alipokea mkate. Akapokea koka, akachagua majani matatu mazima, akayatafuna. Simbilisi alimpima kwa kumnyanyua, akamweka chini bila kusema kitu. Akamwacha mkwewe aeleze habari yote, mashine, Wafalme Watatu, beseni la bluu, na usoni hakubadilika hata kidogo.

"Kwa hiyo mikono yako haifai," akasema mwishoni.

"Haifai, mama."

"Nilimwambia Zenobio kabla hajakuoa. Nikamwambia, yule ana mikono ya kazi, haina adabu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Melchora alikuwa ameinama mpaka kiuno kinauma.

"Siku ile ulinipa nini?" mama mkwe akauliza.

"Mama, watu walikuwa sitini. Sikuona bakuli linakwenda kwa nani."

"Sikukuuliza walikuwa wangapi. Nilikula nini?"

"Shingo."

"Na yule mwingine?"

"Paja, mama. Paja lilikuwa haki yako. Nilikosa."

Alilisema, na lilimtoka kwa shida kuliko alivyotaka, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Siku ile aliliona bakuli. Aliona linapoelekea, alikuwa amechoka na maneno ya bibi huyu tangu alfajiri, na akaliacha liende. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na hata sasa hakusema. Lakini macho ya Bibi Eulogia yalikaa usoni kwake kwa muda kama macho ya mtu anayejua.

"Saa ngapi wanafungua hilo duka?" bibi akauliza.

*

Alhamisi saa tatu Bibi Eulogia alishuka kwenye bajaji akiwa amevaa kofia yake ya misa na sketi tatu, moja juu ya nyingine. Foleni ikampisha. Alikilaza kidole chake cha shahada kwenye kioo bila kuambiwa abonyeze vipi, na taa ikawaka kijani kabla Sheyla hajamaliza kusema tafadhali.

"Mara moja tu," Sheyla akasema, akitabasamu. "Vizuri sana, bibi."

Bibi Eulogia akageuka kuitazama foleni, kisha akamtazama mkwewe. "Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo wanavyosema," akasema. "Waje waone."

Bi Melchora akalipa modemu na bando, faida ya mote ya wiki tatu, akameza na hilo. Sheyla akaeleza masharti: laini ni ya bibi, na kwa ajili ya wale majambazi, kila baada ya miezi mitatu mwenye laini lazima aje mwenyewe kuweka kidole, la sivyo inakatwa. Hakuna aliyesikiliza sana. Wao walitaka siku moja.

Mlangoni Bibi Eulogia akanyoosha mkono, akaichukua modemu, akaitia kifuani. "Laini yangu inakwenda ninapokwenda," akasema. Hivyo ndivyo alivyopanda mlima hadi nyumba ya mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akiwa amekaa katikati ya bajaji, intaneti ya familia ikiwa imebanwa chini ya shali.

Saa saba modemu ikachomekwa. Ilikamata mtandao dirishani tu, wakasogeza meza. Laptopu, ilipoonja intaneti, ikaanza kujivutia vitu vyake yenyewe bila kumuuliza mtu, na kabla Nilda hajagundua ilikuwa imekula theluthi ya bando. Nilda akalia kidogo, akaizima hiyo hamu, akafuta machozi. Bi Melchora alisimama nyuma yake akitamani kuipiga kofi mashine hiyo na asijue pa kuipiga. Wakapiga hesabu mara mbili. Bando lililobaki lilitosha saa moja na robo.

Saa tisa kasoro dakika tano walimwacha peke yake kama barua ilivyotaka, wakakaa uani. Bi Melchora alimfungia mbwa chooni. Alimkimbilia muuza gesi aliyekuwa anapanda mlima na kipaza sauti chake, akamwomba kwa jina la Bikira anyamaze mpaka apite kona. Zenobio alikaa juu ya beseni la bluu lililopinduliwa, hakuthubutu hata kukohoa. Bibi Eulogia alipewa kiti pekee chenye mgongo. Kutoka dirishani sauti ya Nilda ilisikika ikisema ndiyo, daktari, hapana, daktari, maana kwao msomi huitwa hivyo, kisha ikanyamaza kwa muda mrefu mpaka Bi Melchora akainuka kwenda kuchungulia, mama mkwe akamshika sketi akamketisha.

Mlango ulifunguka saa kumi kasoro robo. Nilda alitoka akiwa amevaa shati jeupe la shule juu na suruali ya kulalia chini.

"Wamenichukua," akasema.

Zenobio alipiga kelele mbwa akamjibu kutoka chooni. Bi Melchora alimkumbatia mwanawe na kulia wazi, machozi yake yote ya Jumanne na Jumatano yaliyokuwa yamekwama. Kisha, kwa kuwa alikuwa mama, akaanza kuuliza atasafiri lini, maana Lima ina unyevu na Nilda hana blanketi la maana, na sanduku itabidi waazime kwa Bi Herminia.

"Siendi, mama," Nilda akasema. "Masomo yote ni kwa laptopu. Wao wataleta laptopu, mimi nasomea hapa hapa. Ile barua iliposema mfumo wa kisasa, ndiyo maana yake." Akasita. "Waliniuliza kama nyumbani tuna intaneti ya kudumu. Walisema asiyekuwa nayo hawamchukui."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tunayo."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitatu."

Wote wakageuka taratibu kukitazama kile kiti chenye mgongo. Bibi Eulogia alikuwa anahesabu kwa midomo, vidole vikigonga goti kimoja baada ya kingine: kila miezi mitatu, mara nne kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Alifika kumi na mbili, akarudia kuhakikisha. Kisha akaitazama ile njia ya kushukia mjini, mawe yake na makorongo yake.

"Basi itabidi nisife," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na mipango mingine.

"Lakini mama," Zenobio akaanza, "Novemba Nilda anatimiza miaka kumi na—"

Bi Melchora alimkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Naye alikuwa ameshapiga hesabu hiyo. Alijua Novemba Nilda atakuwa na kidole chake mwenyewe kisheria, alijua zile laini za Zenobio zingefutika kwa siku tano, alijua hata yeye wiki ijayo angeweza kurudi dukani akadanganya kwamba alizaliwa Mei. Akamtazama yule kikongwe mgomvi, aliyekuwa ameketi wima kuliko alivyoonekana kwa miaka.

"Itabidi, mama," akasema. "Tutafanyaje bila wewe?"